Ng'ombe Aliyelamba Nyumba Yangu

Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mahali nimekosea kuandika mnisamehe. Waliokosea kweli nawataja hapa mmoja mmoja. Majina sitaji, maana wengine tunaonana kanisani kila Sabato, lakini wakisomewa watajijua.

Wa kwanza ni mzee wa mtaa wetu wa zamani, kule chini Nyatike. Mvua ilipozidi alipita akituambia maji yatafika magotini tu. Magoti ya nani, hakusema. Nilishinda juu ya paa na kuku watatu na jirani mmoja mwanamume aliyelalamika siku nzima kwamba kuku wangu wananuka. Sisi tulitolewa kwa mashua. Nyumba ikaenda ziwani. Nikahamia huku juu karibu na Sori, kwenye shamba la marehemu mume wangu, nikajenga nyingine ya udongo na mabati.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuhurumiwa. Nikinunua nyanya, "pole, mama." Nikipiga chafya, "pole sana." Nikicheka ndiyo mbaya zaidi, wananiangalia wakidhani akili imeanza kuhama. Mkosaji wa pili hapo ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Kila mwezi tunaketi kwa mwenzetu mmoja, na kila zamu yangu ikifika yeye anairuka. "Huyu tusimsumbue," anasema, kichwa ameinamisha upande kama kuku anayechungulia mwewe.

Januari hii nikasimama katikati ya kikao nikasema, Jumapili ijayo mnakuja kwangu. Nilitaka kitu kimoja tu: waione nyumba yangu wanionee wivu. Wivu ni heshima. Pole nilikuwa nimeshiba.

Kiangazi ndicho wakati wa kupamba ukuta, unakauka ukiuangalia. Nikachimba udongo mwekundu kwenye kichuguu. Nyeusi nikatoa kwenye betri za redio zilizokufa, nikazisaga. Kijani nikakamua majani ya kunde. Bluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe. Wiki nzima nilishinda nje, miguu ndani ya beseni la maji, tikiti maji pembeni, natema mbegu nikilenga kopo. Mswaki wa zamani ndio ulikuwa brashi yangu. Sijui niseme nini, nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilichora samaki, ngege mkubwa kuliko mlango, nikamwekea na kope za macho. Nikachora mashua, jua na tikiti lililokatwa. Nikachora kiboko pia, akatoka na uso wa shemeji yangu. Sikukusudia.

Na shemeji huyo, ndugu wa mume wangu anayeishi Ndhiwa, ndiye mkosaji mkubwa. Nilikuwa nimekosa rangi nyeupe. Akaniambia, "Shemeji, wacha wasiwasi. Kwetu kuna mahali udongo ni mweupe kama unga wa chapati. Watu wanachimba kila siku."

"Wanapaka nyumba?"

"Sasa watakuwa wanachimba wa nini?"

Akaniletea gunia zima. Nami ni mtu wa ziwa, ng'ombe namjua akiwa ndani ya sufuria. Nikachanganya ule weupe na kila rangi ili zing'ae, isipokuwa nyeusi ya kiboko. Ijumaa nikamaliza. Sabato nikapita mbele ya ukuta wangu mara nyingi kuliko nilivyosali.

Jumapili asubuhi nilitoka kununua sukari. Niliporudi, ng'ombe watatu walikuwa wamejipanga kwenye ukuta kama watu wa harusi mezani, wanalamba. Ngege hakuwa na kichwa. Jua lilikuwa limeisha. Ng'ombe mmoja mwekundu, pua yote bluu, aligeuka akaniangalia kama mgeni anayengoja kuongezewa.

Ng'ombe hao ni wa jirani yangu, mama Mkuria kutoka Kegonga aliyeolewa huku. Wiki hiyo yote alikuwa kwao, amerudi jana yake tu. Nikamwita.

"Mama, ng'ombe zako zimekula nyumba yangu."

"Zimekula nini?"

"Nyumba."

Akaja polepole. Akapitisha kidole ukutani, akakiweka mdomoni, akafikiria. "Huu udongo ulitoa wapi?"

"Ndhiwa."

"Hii ni chumvi ya ng'ombe, dada. Umepaka nyumba chakula, halafu unanilaumu mimi. Ungepaka sukari ungeshtaki siafu?"

Nikachukua ufagio. Yule wa pua ya bluu hakutaka kwenda nyumbani. Alizunguka nyumba, mimi nyuma yake, na kila akipita kona analamba kidogo. Mzunguko wa tatu ndio kikundi kizima kikaingia uani.

Mwenyekiti akainamisha kichwa upande. Nikajua imekuja. Mdomo ukafunguka, "Po...", halafu ng'ombe akapita mbele yake na ile pua. Mwenyekiti alikaa chini mavumbini na kitenge chake kipya, akacheka mpaka akashikilia mguu wa mwenzake.

"Samaki kichwa kimeenda wapi?" mmoja akauliza.

"Kiko kwa tumbo ya huyo mwekundu."

"Na huyu kiboko mbona ni shemeji yako?"

Kiboko alikuwa amebaki mzima, betri tupu haina chumvi. Shemeji mwenyewe alifika wakati huo kutafuta chai. Akaangalia ukuta, akauliza, "Kwani haukukauka?" Wakaanza kucheka upya. Mimi pia. Nilijizuia, nikashindwa.

Tulikula tikiti tumeketi tukiutazama ukuta, tukibishana mabaki yale ni nini. Mmoja alisema ni ramani ya Tanzania. Mwenyekiti hakuvumilia, akachovya kidole kwenye rangi nyekundu akampa ngege kichwa kipya. Kikatoka cha mbuzi. Wakamtoa hapo kwa maneno makali na kila mmoja akataka kuonyesha vile inafanywa. Jioni walikuwa na rangi mpaka kwa nywele, na nyumba yangu ilikuwa na ndege ya abiria na kuku wa miguu mitano.

Wakati wa kuaga, mwenyekiti alinivuta kando, sauti chini. Nikakaza uso.

"Huo udongo mweupe umebaki?" akasema. "Ng'ombe wangu amezaa na maziwa hayashuki. Niwekee hata karai moja."

Tangu mafuriko hakuna mtu alikuwa ameniomba kitu, hata kiberiti.

Nilimwambia nitafikiria. Apange laini, mbele yake kuna mama wa Kegonga, ng'ombe wake ndio walioonja kwanza.