Hatua Mia Mbili Hadi Kichakani

Ninyi mnaopenda kukaa kitini kama mimi, karani wa Kitale, msinicheke sana. Kibofu kimeniuma miaka mitatu, na nilidhani nimepata sababu nzuri ya kutosogea. Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, akaninyima raha hiyo. "Tembea polepole penye tambarare, usikimbie. Kila hatua mia mbili upumzike. Mkojo ukija, usiubane."

Likizo ikanikuta nyumbani, karibu na Mabanga. Kila asubuhi nikawa napita kando ya mashamba ya mahindi, kofia ya kazi kichwani, nikihesabu kwa sauti. Ikifika mia mbili naingia kichakani, kisha natoka nikiangaza huku na huku. Kwa aibu, sikumsalimia mtu.

Siku ya nne wazee watano wenye majembe wakanizuia njiani. Jirani yangu Mzee Wafula akatangulia kusema.

"Karani, ati serikali imekutuma upime mashamba yetu?"

"Hapana, Mzee. Natembea tu."

"Kwenda wapi? Si unafika hapo, unarudi!"

"Na kichakani anaficha mawe ya mpaka," mwingine akasema. "Twende tuyang'oe!"

Kibofu nacho kilikuwa kimeanza kuchoma.

"Wazee, ni mkojo," nikanong'ona.

"Sema kwa nguvu!"

"Ni mkojo! Naumwa kibofu!"

Kisha katikati ya mahindi ikasikika sauti ya mama mkwe wangu, ambaye kwa mila yetu hata kivuli chake nakikwepa:

"Basi mwacheni mkwe wangu akojoe!"