Mchele Mweusi wa Feza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijaniachia mpaka leo. Ilikuwa Jumapili, hapa hapa Yeoville, Johannesburg, mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tisa, wakati umeme ulikuwa unaondoka na kurudi kwa zamu kama walinzi. Kila nikiweka sinia la mchele mapajani, siku ile inakuja kukaa karibu yangu. Nimeona bora nikusimulie, maana wewe bado una miaka mingi ya kukosea, na mimi ya kwangu nimeshaitumia karibu yote.

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo usinitafutie mpangilio. Nitapita ninapopita, na nitafika.

Nianzie Kalemie, kwetu Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Mjukuu wangu Debora alikuwa akinitania, "Gogo, kila hadithi yako lazima ipite Kalemie." Gogo ndivyo watoto wa hapa wanavyomwita bibi. Yeye kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ulimi wake unakimbilia Kiingereza kama mbuzi anayejua njia ya zizi.

Basi Kalemie. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba, kichwa kimejaa upepo. Wiki ya kwanza tu nikapika mchele bila kuuchagua, kwa sababu nje wasichana wenzangu walikuwa wanacheka na mimi nilitaka kujua wanacheka nini. Baba mkwe akatia tonge mdomoni. Tukasikia kah! Jino. Alilitoa, akaliweka pembeni ya sahani karibu na kile kijiwe, vikawa viwili pale vinaniangalia.

Mama mkwe wangu alikuwa mfupi mwenye sauti ndogo. Waogope watu wenye sauti ndogo, mwanangu. Alingoja wazee wamalize kunawa mikono, akaniita jikoni, akaniwekea sinia mapajani.

"Binti yangu, jicho lako likilala, linaloumia ni jino la mwenzako. Nyumba hii tunachagua mchele mpaka kisibaki kitu cheusi hata kimoja."

"Hata kimoja, Mama?"

"Hata kimoja."

Zaidi ya miaka hamsini nimeishika sheria hiyo. Jiwe, chuya, mdudu, mavi ya panya (nisamehe, lakini ndivyo yanavyoitwa), hakuna kilichopita vidole vyangu. Na binti yangu Feza nilimfundisha vilevile. Tulikuwa tunakaa vichwa vimegusana juu ya sinia, ananionyesha kwa kidole kidogo, "Mama, na hiki?" Namjibu, "Toa." Anatoa. Kichwa chake kilikuwa kinanukia moshi na mafuta ya mawese. Sijui kwa nini nakuambia hilo, lakini limekuja.

Feza alikua, akaja Johannesburg, akazaa Debora, akaniita nije. Halafu akapata njia ya kwenda Kanada. Watu wa uhamiaji wakamwambia atangulie, karatasi za mtoto zitafuata baada ya miezi sita. Miezi sita ikazaa mingine sita, na hiyo nayo ikazaa. Ikafika miaka miwili na nusu. Mwanzoni Debora aliuliza kila siku habari za hizo karatasi. Baadaye kila wiki. Baadaye akaacha. Mama yake akipiga simu, anasema, "Sharp, Mama, niko sharp," yaani yuko sawa, kisha ananikabidhi simu na kwenda kusimama dirishani. Mtoto anayelia unaweza kumbembeleza. Aliyeacha kulia ndiye aliyekuwa ananinyima usingizi.

Feza naye aliliona hilo kutoka huko mbali. Akabuni jambo. Huko amejifunza chakula kimoja, kuku na mchele ndani ya mchuzi mzito wa krimu, kinapikwa katika sufuria ya presha. Akasema tutapika sote siku moja, yeye kwake na sisi kwetu, na Jumapili saa tisa alasiri tutakula pamoja kwenye simu. Kwake itakuwa saa mbili asubuhi. Kuku asubuhi na mapema! Lakini mama mwenye hamu na mtoto wake haangalii saa. Mchele wenyewe akautuma kwa muumini mmoja wa kanisa lake aliyekuwa anakuja huku kumzika kaka yake. Ulifika umefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko umezungushiwa kipande cha kitenge, fundo lile lile la kwetu.

Mwanangu, Debora alibadilika. Alikwenda kutafuta uyoga, karoti, majani ya seleri, kopo la krimu. Akachukua kuku mgumu yule ambaye hapa wanamwita hadibodi, kwa sababu nilimwambia kuku laini wa dukani ni pamba yenye mifupa. Jumamosi nikamkuta anapiga pasi kitambaa cha meza. Kitambaa cha meza, kwa ajili ya simu! Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikamshukuru Mungu peke yangu.

Jumapili akaenda kuimba kwaya. Mimi goti langu la kushoto lilikuwa limekataa ngazi, nikabaki. Aliniambia mlangoni, "Gogo, usifanye kitu. Pumzika. Nikirudi tunapika."

Sasa mwambie mwanamke wa Kalemie asifanye kitu wakati mchele uko mezani umefungwa.

Nilifungua fundo. Nikamimina kwenye sinia. Nikashtuka. Punje nyeupe zimechanganyika na vitu vyeusi, virefu, vyembamba, vingi kuliko nilivyowahi kuona maishani. Nikasema, maskini Feza, huko wanamuuzia mchele wa ghala lililooza, lenye panya wakubwa kama paka. Nilimhurumia kweli. Nikavaa miwani, nikakaa karibu na dirisha, nikaanza. Kimoja kimoja. Nilichagua saa mbili nzima, mgongo unaniuma, nami nafurahi moyoni, nasema Debora akirudi atakuta kazi imekwisha. Vile vyeusi nikavikusanya kwenye gazeti, nikashuka na goti langu bovu mpaka uani, nikavimwaga kwenye saruji. Njiwa wakaja. Wakaja na wale ndege wa makelele, hadida, wenye midomo kama sindano za kushonea magunia. Nikawaacha wajilie.

Debora aliporudi, mimi nilikuwa nimekaa kama bibi harusi anayesubiri kusifiwa. Akaangalia sinia.

"Gogo, ile nyeusi iko wapi?"

"Uchafu wote nimetoa. Angalia, ni mweupe kama meno."

"Gogo. Ile nyeusi ndiyo mchele wenyewe. Ni mchele wa porini. Mama alichanganya mwenyewe, kwa mkono."

"Wa porini?"

"Eish, Gogo."

Basi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua viatu vya kanisani, akakaa sakafuni, akageuza uso ukutani, na nikaona lile dirisha lililokuwa limefunguka ndani yake linajifunga. Nikaelewa nilichofanya. Vidole vya binti yangu vilichanganya, vyangu vikachambua. Kitu pekee alichokigusa kikafika mpaka kwetu, nimewalisha ndege.

Nilitaka kujitetea. Maneno yalikuwepo tayari: mimi mzee, sikujua, nyie watoto hamsemi. Hata jina la mama mkwe lilikuwa mdomoni. Lakini kuna kitu kikaniambia nyamaza. Nikachukua kikombe, nikashuka ngazi moja moja, nikafukuza njiwa, nikapiga magoti kwenye saruji.

Majirani huwa hawalali, Jumapili ndiyo kabisa. Mama Chausiku, Mtanzania wa Kigoma anayeshona nguo chumba cha chini, alitoka na sindano mdomoni. Kigoma na Kalemie tunatazamana ziwani, kwa hiyo utani haukosi.

"Mama Feza, leo unaabudu njiwa?"

"Naokota mchele."

"Yesu wangu! Nyie watu wa ng'ambo, mchele mnapanda kwenye saruji?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Umewalisha hadida chakula cha Kanada! Kesho utawasikia wanalia kwa Kifaransa!" Halafu akaona uso wangu, akaacha. Akaleta brashi yake ndogo ya kusafishia cherehani, akaniachia.

Nilikuwa nimeokota labda kijiko kimoja niliposikia miguu. Debora.

"Gogo, goti lako."

"Liache. Limekaa bure miaka mingi."

Alisimama. Nikamsikia anapumua. Kisha akapiga magoti upande wa pili, akaanza kuokota kutoka kwenye nyufa kwa kucha. Vichwa vyetu vikagusana. Punje moja akainyanyua, imejikunja, chafu, akaniuliza, "Gogo, na hii?"

Mwanangu, niliona mtoto mwingine, kwenye sinia lingine.

"Hiyo weka," nikasema.

Tulipata kiganja kimoja. Tukakiosha kwa maji saba.

Sasa kupika. Kuku yule mgumu tulimtanguliza, akachemka kwenye presha mpaka nyama ikakubali kuachana na mfupa. Tukakaanga kitunguu, karoti, seleri na uyoga kwa siagi, tukarudisha nyama, supu yake na mchele wote, mweupe na kile kiganja cheusi, tukafunga kifuniko. Ile sufuria Feza aliachiwa na mama mmoja Mkenya, mtu wa benki, ambaye Feza alikuwa akimfanyia usafi nyumbani. Mimi huwa naiogopa. Inafoka kama mlevi. Ilikuwa imefoka kama dakika kumi hivi, pap! Umeme ukakatika. Saa nane kasoro.

Debora akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Nikaushika mkono.

"Usifungue. Ina hasira bado."

"Lakini haijaiva, Gogo! Saa tisa Mama anapiga!"

"Joto liko ndani. Likifunguliwa linakimbia." Nikaizungushia kitenge cha Feza, kile kile kilichofunga mchele, juu yake blanketi langu, kama tulivyokuwa tunafanya na maharage kuni zikiisha. Tukakaa tunaiangalia kama mgonjwa.

Hapo ndipo Debora akatoa simu. "Mama alituma ujumbe wako wa sauti. Alisema nikuwekee tukianza kula. Sikiliza tu sasa."

Ilikuwa sauti ya Feza, na upepo nyuma yake. "Mama, jambo. Ni Feza. Mama, huu mchele mweusi hauoti shambani. Unaota majini, ziwani. Watu wanaingia na mitumbwi kwenye manyasi, wanayapiga kwa fimbo, punje zinaangukia mtumbwini. Niliposikia hivyo nikakaa chini nikalia. Nikasema Mama yangu ni mtu wa ziwa, lazima aule. Huku kuna maziwa mengi sana, Mama, lakini hakuna anayejua jina la kwetu."

Sufuria ilikuwa imenyamaza.

Tulipofungua, mvuke ulikuwa umekwisha wenyewe, na mchele umeiva, punje nyeusi zimepasuka tumbo zinaonyesha weupe wa ndani. Mama Chausiku alituwashia jiko lake la gesi, tukaweka siagi na unga, tukamimina krimu, ikawa nzito, inapumua polepole. Krimu inaingia mwisho, mwanangu. Ukiimwaga ndani ya presha inakatika na kushika chini.

Saa tisa simu ikalia. Feza yule pale, kavaa sweta, sahani yake mbele, macho ya mtu ambaye hakulala. Akaangalia sahani zetu.

"Mbona mweusi ni kidogo hivyo?"

Nikaweka kijiko chini. Debora akanitazama, akamtazama mama yake.

"Gogo aliuchagua," akasema.

Feza alifungua mdomo. Halafu akacheka, kicheko cha utotoni, mpaka kikageuka kuwa kilio. "Hata kimoja, Mama?" anauliza. "Hata kimoja," namjibu. Naye Debora akacheka, na akalia, kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, mbele ya mama yake. "Mama, lini?" akauliza. "Lini nakuja?" Lile swali alilolizika lilikuwa limefufuka mezani. Waliongea mpaka chakula kikapoa, na simu Debora hakunikabidhi.

Karatasi zilikuja kabla mwaka haujaisha. Debora alikwenda. Ndivyo nilivyoomba, na Mungu akinipa nilichoomba sina ruhusa ya kulalamika. Asubuhi nilipotoka kumsindikiza nilishuka uani kufua, nikaona kwenye ufa wa saruji punje moja nyeusi imebaki. Ninayo. Iko kwenye kopo la vifungo. Nikiisogeza masikioni hainiambii kitu, lakini nasikiliza.

Basi, mwanangu, shika haya. Mama mkwe alinifundisha vizuri, sikatai. Mchele wa kwetu bado unachaguliwa. Kosa langu ni kudhani kila sinia ni la kwetu. Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mimi nakuongezea, hata mchele wenyewe si mmoja. Usichokijua usikitupe kabla hujamuuliza aliyekileta. Ukikosana na umpendaye, ngoja mvuke utoke, ndipo umimine krimu. Na walisema pia maji yakimwagika hayazoleki. Kweli, maji. Lakini mengi tunayomwaga duniani si maji, ni mchele, na mchele unazoleka ukikubali kupiga magoti.

Mungu akupe jicho lisilolala na mkono usio na haraka ya kutupa. Akurudishie wako walio mbali, au akufikishe waliko. Na siku utakayomwaga, maana utamwaga, akuwekee mtu wa kupiga magoti upande wa pili.