Sumaku Kwenye Karasha ya Mjomba

Ukisoma uhandisi mitambo nje ya nchi, halafu ikawa kwenu ni upande huu wa Shinyanga na Geita, jiandae kuulizwa swali moja mpaka ulichukie: "Hiyo kompyuta yako inaona dhahabu?" Niliulizwa na bodaboda aliyenibeba hadi nyumbani Ibadakuli. Niliulizwa na mchungaji wetu baada ya ibada, tena kwa kunong'ona. Mama yangu mzazi, ambaye kwa simu nilimweleza mara chungu nzima kwamba nasoma mashine, jinsi zinavyozunguka, zinavyochoka, na jinsi kompyuta inavyoweza kuzisikiliza, alisubiri nimalize kula ndipo naye akauliza. Nikamjibu haioni. Akakusanya vyombo na kusema, "Basi Ulaya mlienda kufanya nini?"

Nilikuwa mwaka wa mwisho, nasomea katika mji ambao mama hajawahi kuutamka kwa namna moja mara mbili. Kozi yetu ilichanganya mitambo na ujuzi wa kidijitali, na kila mwanafunzi alitakiwa akapime mashine halisi wakati wa likizo. Wenzangu, wenyeji wa kule, walikwenda kwenye viwanda vya kwao ambako hata feni ya ukutani ina kihisi. Mimi nilimwambia profesa kwamba nitapima karasha ya mjomba wangu kule Masumbwe. Akauliza karasha ni kitu gani. Nikamchorea pipa nene la chuma lililolazwa ubavu, ndani yake gololi kubwa za chuma. Wachimbaji wanatia mawe yao, mota inalizungusha, mawe yanatoka yakiwa unga, na unga unaoshwa kutafuta dhahabu. Aliipenda sana. Alitaka kitu kimoja tu: rekodi ya mtetemo wa beringi, karasha ikisaga mzigo mzima kuanzia inapowashwa mpaka inapozimwa, bila kukatizwa katikati.

Sikumweleza kwamba nilikuwa na sababu yangu. Mjomba, kaka yake mama, ana tabia ya kuweka kiti chake cha plastiki kando ya mkanda wa mota, sentimita chache kutoka kwenye beringi, na hapo ndipo anaposhinda. Karasha ya jirani yake ilivunjika beringi, pipa likashuka, mkanda ukachomoka na kumpiga mwenye mashine mkono wa kulia. Mpaka leo mzee yule anakula kwa kushoto. Nilitaka kujua ya mjomba ina hali gani kabla haijajieleza yenyewe.

Basi nikafika Masumbwe na kihisi changu, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachong'ang'ania chuma kwa sumaku. Sikujua kwamba ugumu hautakuwa mashine.

Kwenye karasha kuna utaratibu wake. Mwenye mawe akishamimina mawe yake ndani, haondoki. Anakaa analitazama pipa kama mtu anayemlinda mgonjwa, maana dhahabu inaweza kuibiwa hata kwa kucha. Hakuna anayegusa mashine, hakuna anayefagia karibu, mpaka unga utoke na yeye mwenyewe auoshe. Siku ya kwanza mwenye mawe alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya pama. Nilimwamkia, akaitika marahaba vizuri tu, mpaka aliponiona nabandika kidude juu ya beringi.

"Kinashikaje hicho?"

"Kwa sumaku, mzee."

Akasimama. "Kitoe."

"Mzee wangu, sumaku haivuti dhahabu. Inavuta chuma. Wewe mwenyewe unayo sumaku mfukoni, unaipitisha kwenye unga kutoa vumbi la chuma."

"Hiyo ni yangu," alisema. "Yako imetoka Ulaya."

Nilimgeukia mjomba anisaidie. Mjomba alikuwa anatazama upande wa barabara. Jioni nilipomuuliza kwa nini alikaa kimya, na mashine ni yake, alinijibu kwa upole wake unaochosha, akiniita mama kwa Kisukuma: "Mashine ni yangu, mayu. Tumbo la mashine ni la mwenye mawe."

Kila siku ikawa hivyo. Mmoja aliniruhusu, kisha katikati ya kusaga akaingiwa na wasiwasi, akamwambia mjomba azime. Mwingine alikubali kwa sharti kwamba kidude kikae kwenye nguzo ya banda. Nilimweleza kwamba nguzo haizunguki. Akasema ndiyo maana. Mwingine akaniuliza kama niko kwenye siku zangu, nami nikaondoka kabla sijasema maneno ambayo mama angeyasikia kabla hayajakauka. Likizo ilikuwa inayeyuka, sina rekodi, na sina la kumwambia profesa zaidi ya kwamba watu wa kwetu ni watu wa kwetu. Nilikuwa nimefikia kugombana na mbuzi wa jirani.

Mwishowe nikasema, kama tumbo ni la mwenye mawe, basi na mimi nitakuwa na mawe. Nikaazima toroli, nikaenda kwenye rundo la kokoto lililoachwa na greda kando ya barabara, nikajaza viroba. Mjomba alivitazama.

"Unataka kusaga barabara?"

"Ndiyo, Mjomba."

Aliniruhusu Jumapili asubuhi, wateja wengi wakiwa kanisani, nadhani zaidi kwa aibu kuliko kwa mapenzi. Waliobaki walikuja kucheka. Nilibandika kidude, mjomba akawasha, karasha ikaanza kunguruma, nami nikakaa mbele ya kompyuta nikiomba umeme usikatike. Haukukatika. Nilipata rekodi yote, safi, mwanzo hadi mwisho. Na ndani ya rekodi hiyo, mahali ambapo mstari wa grafu ulipaswa kutulia, kulikuwa na miiba iliyosimama kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine. Beringi ilikuwa inakufa. Na kiti kilikuwa palepale pa siku zote, mjomba amekikalia, miguu ameinyoosha.

"Mjomba, beringi hii imekwisha. Tuizime mpaka ibadilishwe."

"Tuoshe kwanza," alisema. Kwake yeye unga uliotoka kwenye karasha haumwagwi bila kuoshwa. Ni kufukuza riziki.

Wakaosha barabara yangu. Kicheko kikaisha polepole. Chini ndani ya karai, baada ya mchanga kuondoka, ulibaki mkia mwembamba wa njano.

Nilijua ulikotoka. Karasha kuukuu ina nyufa na makunyanzi ndani. Dhahabu ya waliotangulia hunasa humo, ukitia mawe mengine inatoka. Nikaanza kueleza. Nilifika kwenye neno "waliotangulia" mjomba akanishika mkono na kunivuta nyuma ya banda.

"Nyamaza, ng'wanawane, mwanangu. Unataka watu waseme nakula mawe yao?"

Sikuwa nimefikiria upande huo. Kwa hiyo nilinyamaza, na kwa kuwa nilinyamaza, watu wakajieleza wenyewe: kidude cha Ulaya kimetoa dhahabu kwenye kokoto.

Jumatatu kulikuwa na foleni. Walikuja wa Masumbwe, wakaja na wengine kutoka Ushetu, wakulima wa tumbaku ambao sidhani kama waliwahi kugusa mawe kabla ya hapo. Wa kwanza kabisa alikuwa mzee wa kofia ya pama. "Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma kama vile tumelelewa nyumba moja. "Kile kidude kikae palepale pa jana." Niliwaambia wote, mmoja mmoja, kwamba hakivuti kitu, kwamba kinasikiliza mtetemo tu. Waliitikia kwa heshima. Walidhani natunza siri ya kazi.

Karasha haikupumzika. Beringi ilipata joto mpaka grisi ikawa inanuka. Nilikuwa nimepata nilichokifuata, ningeweza kufunga begi na kuondoka, lakini sikuweza kumwacha pale. Nilimletea mjomba kompyuta, nikamwonyesha miiba, nikamweleza jinsi ilivyokuwa ikirefuka tangu Jumapili. Aliitazama kama unavyotazama picha ya mtoto wa mtu usiyemjua.

"Nimeona. Foleni ikiisha tutaibadilisha."

"Foleni haitaisha."

"Si ni wewe uliyeileta?" alisema, tena kwa kujivuna.

Nilimkumbusha mkono wa jirani. Akasema jirani alikuwa mlevi. Hapo nikaona nimeshindwa. Nilikuwa na elimu yote niliyoivukia bahari, nina ushahidi kwenye kioo, na mtu niliyempenda alikuwa amekaa mbele ya kile kitu na hataki kusogea hata hatua moja. Nilitaka kulia. Badala ya kulia, nilikwenda kwenye beringi, nikakibandua kidude mbele ya watu wote, nikakitia mfukoni.

"Kimegoma," nilisema. "Hakifanyi kazi kwenye beringi mbovu."

Mzee wa pama ndiye aliyesema, akimtazama mjomba kwa lawama: "Kitu cha namna hiyo hakikai pabovu. Unakidhalilisha."

Mjomba aliizima karasha yeye mwenyewe. Kabla ya mchana alikuwa njiani kwenda Kahama, na alirudi na beringi mpya pamoja na fundi. Ile ya zamani ilipochomolewa haikutoka nzima. Ilimwagika vipande vipande juu ya gunia. Fundi akamwambia mjomba kwamba ile isingemaliza wiki. Mjomba akaitikia "haya," akanigeukia, akauliza kama sasa kidude kitakubali. Nilikibandika. Foleni ikaendelea.

Niliporudi chuoni profesa aliipenda rekodi yangu kuliko zote. Mbele ya darasa aliniuliza jambo ambalo hakuwauliza wengine: mwenye mashine, mtu asiyesomea mambo haya, nilimshawishije aizime? Nikafikiria nianzie wapi. Kwenye kokoto, au kwenye karai, au kwenye tumbo la mashine ambalo si la mwenye mashine. Nikamtazama, na uchovu wote wa Masumbwe ukanirudia.

"Nilimwonyesha grafu," nilisema.

Alifurahi mno. "Mnaona?" aliwaambia wenzangu. "Mtu akiwekewa ukweli mbele yake, anaufuata." Wakaandika. Nilirudi kukaa nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani, maana mikono ya mjomba wangu yote miwili ilikuwa mizima.