Bati Lililolala Wazi

Enzi zetu, na wanaosema mimi bado mdogo kusema "enzi zetu" waniache niseme, ukungu wa Lushoto ulikuwa ukiingia uani kwetu bila hodi. Alasiri unauona uko kule juu kwenye mipeasi, ukigeuka umeshafika kwenye magari ya baba. Watoto wa fundi bodi tuliuogopa kuliko mvua. Mvua ina kelele, unapata muda wa kukimbilia turubai. Ukungu unakaa juu ya chuma kimya kimya, asubuhi unakuta bati lililokuwa linang'aa limekuwa na rangi ya chai.

Uwanja wetu ulikuwa chini kidogo ya barabara. Yalikuja magari ya kabichi kutoka Rangwi, sakafu zimeoza kwa maji ya mboga, na pikapu zilizopanda kutoka Mazinde zikiwa na vumbi mpaka kwenye redio. Sisi tulichukua boneti kuukuu, tunapanda watatu, tunateleza nayo mteremko mzima mpaka kwenye shamba la maharage la jirani. Tulirudi magoti yanatoka damu, mama anatugombeza kwa Kishambaa maana Kiswahili hakikumtosha, halafu tunakula makande ya moto kwa vidole vinavyonuka petroli. Hakuna aliyekufa. Watoto wa leo wakiteleza kwenye vigae wanapigwa picha kwanza ndipo wanainuliwa.

Lakini kazi ilikuwa kazi. Baba alikata bati asubuhi, jua likishatoka, wala hakukata bati jioni hata mteja akilia. Likishakatwa, kingo zinapigwa tupa mpaka zisikwaruze kidole, kwa sababu rangi haikai kwenye ukingo mkali. Kisha msasa, kisha kitambaa chenye petroli, na kuanzia hapo ole wako uliguse kwa kiganja. Jasho lina chumvi, alisema, alama ya mkono wako itaota kutu chini ya rangi kama umepanda mbegu. Halafu ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mbele na nyuma, kabla ya chakula cha mchana. Na hata ukishachomelea hujamaliza, maana moto umeunguza rangi upande wa pili, unarudi kuipaka upya kwa ndani.

Huko ndani, chini ya milango, mkono wa mtu mzima haupiti. Wangu ulipita. Nilifungiwa brashi kwenye waya, nikalala kifudifudi juu ya gunia, nikapaka sehemu ambazo hata mwenye gari hajui kama anazo. Siku moja nikamuuliza baba nani ataona huku.

"Kutu itaona," akasema, akaniongezea rangi.

Mdogo wangu Zaka hakuipenda kazi hiyo, alipenda ile ya mwisho, ya kupuliza rangi ya juu watu wakitazama. Alipokuwa darasa la saba aliachiwa bati lililokatwa alipake, akakimbilia mpira, bati likalala nje. Asubuhi alipoliona limegeuka kahawia akalipaka rangi juu ya kutu yake na kunyamaza. Baba aligundua limeshachomelewa kwenye gari la mzee mmoja wa kabichi, na mzee mwenyewe amesimama hapo na mizigo yake. Akawasha grenda akalikata lote.

"Mghoshi, bwana wangu, kabichi zangu zinaoza," yule mzee akalalamika.

"Zioze. Kabichi utalima nyingine."

Zaka alilia mbele ya watu. Nilimhurumia siku ile. Leo simhurumii.

Baba alipofariki, uwanja ukawa wa Zaka. Alikuwa fundi mzuri wa kufurahisha macho. Akaweka spika kubwa, akaajiri vijana wanaovaa miwani myeusi kwenye ukungu, na kila gari likitoka lilipigwa picha na kurushwa kwenye simu likimeremeta kama sahani ya harusi. Nilijivunia, nami nikazisambaza picha hizo. Ndiyo maana kigari cha shule anayosoma mwanangu Neema kilipopelekwa kwake kubadilishiwa sakafu ya nyuma iliyooza, nilifurahi. Nikasema kazi ya mjomba wa Neema hiyo, mtoto wangu yuko salama.

Alikata bati jioni. Likalala wazi. Asubuhi mwenye gari anataka gari lake, Zaka akachomelea hivyo hivyo, akaziba maungio kwa puti, akapuliza rangi nyeupe, akatandika zulia la mpira. Chini hakupaka kitu. Juu kulikuwa kuzuri kweli, picha ninazo. Chini maji ya barabara na ukungu vikala taratibu, misimu miwili ya mvua, mpaka siku gari lilipokuwa linashuka kwenye kona na Neema akasimama kumpa mwenzake daftari. Sakafu ikaachia, mguu wake ukazama. Dereva aliposikia watoto wanapiga kelele alidhani wanacheza.

Mguu wa kushoto wameukata chini ya goti. Ana miaka saba. Sitaeleza zaidi.

Mama na baba mdogo walikuja na Zaka nyumbani kwangu kabla sijaandikisha maelezo polisi. Walikaa, wakanywa uji, wakaongea kwa upole sana, mama analia. Walisema huyu ni damu yako, baba yenu angetaka yaishe hapa hapa ndani, mtoto hatarudishiwa mguu kwa mdogo wako kufungwa. Nikawasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia Zaka sitaki aniombe msamaha. Nataka aniambie ni magari gani mengine ya shule aliyoyafanya hivyo, twende leo tukayatoboe sakafu.

Akaangalia miguu yake.

"Dada, sikumbuki. Ni mengi."

Mama akaacha kulia. Hata baba mdogo aliweka kikombe chini. Baba yetu alikuwa akiliona gari linapanda toka Mombo anakwambia lile nimelibadilishia mlango wa kulia, mwaka ule mama yako ana mimba ya Zaka. Huyu hakumbuki. Nikavaa kanga yangu nikaenda polisi, nikasema kila kitu.

Sasa nikimwamkia mama shikamoo, haitikii. Anageuza uso kama nimemwamkia mtu mwingine. Wanaukoo wananiita muuza ndugu. Sawa. Vigari viwili vilikaguliwa vikasimamishwa, vilivyobaki vinaendelea kushuka na kupanda na watoto ndani, vyeupe, vinang'aa, na hakuna anayejua ni vipi vimeoza chini.

Enzi zetu tukipewa lifti kwenye gari tuligombania dirisha. Tulitoa vichwa nje, tukalitazama bonde lote mpaka tambarare ya Mazinde, tukahesabu mashamba ya mkonge kwa vidole, upepo unatujaa mdomoni. Hatukujua kama gari lina sakafu. Mwanangu wa pili ameanza chekechea mwezi huu. Namfundisha, akipanda gari lolote, kwanza apige chini kwa kisigino, asikilize, ndipo akae.