Kiatu cha Saba

Hesabu moja mbaya iligharimu dakika hamsini na mguu mmoja, na vyote viwili vilikuwa vya mtu mwingine. Mimi nilitoka na pensheni, magoti yanayolia nikiinama, na sikio la kulia lililouawa na king'ora.

Nilikuwa mhudumu wa ambulensi Eldoret kwa miaka mingi. Siku hiyo lori la viazi lilipinduka kwenye kona, barabara ya kutoka Ainabkoi, mvua ya saa tisa mchana ikinyesha. Nilimuuliza dereva wake, "Mlikuwa wangapi?"

"Watatu, daktari. Mimi na wapakiaji wawili."

Nikahesabu watatu, nikafunga mlango, tukaondoka. Hakunitajia yule aliyempa lifti juu ya magunia, kwa sababu lori la mizigo halibebi abiria na alihofia leseni yake. Lakini mimi nilijua malori ya viazi hubeba mtu juu. Mimi ninayebishania bei ya sukuma wiki mpaka mama wa soko anakaa chini, siku hiyo nilikubali bei ya kwanza niliyotajiwa.

Hospitalini nikashusha gunia la viatu. Nilikuwa na mazoea ya kuokota viatu vyote barabarani, maana jamaa wa mgonjwa akishajua mtu wake yuko hai, swali la pili huwa ni viatu. Wagonjwa watatu, viatu saba. Nikahesabu tena. Saba, na cha saba kilikuwa gambuti, buti la mpira, ya mguu wa kulia isiyo na mwenzake.

Tulirudi mbio. Watu waliokuwa wakiokota viazi walikuwa wamefukuzwa na polisi. Wangeachwa waibe kwa amani, wangemfikia yule wa nne kabla yangu. Alikuwa chini ya magunia sita, anapumua, mguu wa kushoto umepondeka. Waliukata chini ya goti. Nilimuuliza daktari kama dakika hamsini zingebadilisha kitu.

"Labda," akasema, akaenda kunywa chai.

Hiyo labda nimeibeba mpaka kustaafu. Tangu siku ile nahesabu kila kitu mara mbili: wagonjwa, ng'ombe, hata wajukuu mezani.

Sasa naishi Kapseret, na jirani yangu wa tatu ni yule wa chini ya magunia. Aliposikia nilikuwa wa ambulensi, aliniuliza kama niliwahi kumtoa mtu chini ya viazi, nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Kila asubuhi anakuja na mguu wake wa bandia na lita moja ya maziwa.

"Chukua hamsini," namwambia.

"Mzee, pesa yako haifanyi kazi hapa."

"Basi sitini."

"Unapandisha bei ya kitu cha bure? Na walisema wewe ni mgumu." Anacheka, anamimina. "Waliniambia ambulensi ilikuja kwa ajili yangu peke yangu."

Ni kweli. Mara ya pili.

Jana alinialika kanisani kwake. Anatoa shukrani Jumapili, na anataka nisimame nieleze watu vile nilimwokoa. Nilipomweleza mke wangu, hakuacha kukata mboga. Yeye anajua yote.

"Mwambie ama unyamaze," akasema. "Lakini ukinyamaza, hayo maziwa uyanywe peke yako."

Nikimwambia, mimi nitalala vizuri na yeye ndiye ataanza kukesha. Miaka hii yote amelala akiamini kuna watu walimkimbilia. Nikinyamaza, nitapigiwa makofi kwa kosa. Nimechoka. Zamani nilikuwa namwachia nesi wa zamu mgonjwa, naweka sahihi, naenda zangu. Huyu sina wa kumwachia.

Zimebaki siku nne. Nimezihesabu mara mbili. Kwa hivyo nakuuliza wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: kama mguu ungekuwa wako, ungetaka kuambiwa? Na kama ndiyo, uambiwe kanisani mbele ya watu, au hapa mlangoni, kabla hujamimina maziwa?