Pijo ya Bi Zuwena, bisibisi yangu na sikio la kulia

Wakuu, heshima kwenu. Humu sitii chumvi, maana mwenye gari yupo Mabawa, mzima na mkali.

Mimi ni fundi wa magari ya zamani hapa Ngamiani. Vifaa vyangu ni bisibisi ndefu, wembe na kipande cha boksi la sigara.

Wembe napimia nafasi ya valvu, boksi napimia platini za kutoa cheche. Bisibisi naigusisha kwenye injini, mpini naweka sikioni, nasikiliza silinda moja moja. Miaka ishirini na sita sijarudishiwa gari. Najidai, ndiyo, nina haki.

Sasa, Bi Zuwena ni mjane. Ana Pijo 404 aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa haishiki sailensa, yaani ukiachia mafuta tu inazima.

Mwanawe akaleta fundi wa kompyuta. Jamaa kalizunguka gari zima akitafuta pa kuchomeka mashine yake, hakupata. Akahukumu: injini imekufa, wekeni ya kisasa.

Mama akagoma. Mwanawe akasema sawa, Ijumaa tunakwenda Mkwaja kuzuru kaburi la baba. Ikizima njiani hata mara moja, injini inakwenda kwa wauza chuma chakavu.

Alhamisi asubuhi gari likawa kwangu. Nikampa mama shikamoo yake, nikamwambia akapumzike, kazi imepata mwenyewe.

Nikasafisha kabureta, nikaseti platini, nikapima tapeti zote za valvu kwa wembe. Kufika adhuhuri injini imetulia tuli. Nikasikiliza kwa bisibisi, safi kabisa.

Alasiri mama akaja, akasimama kando ya boneti.

"Mwanangu, hii siyo sauti yake. Kuna kitu chagonga mle ndani."

"Bi Zuwena, hilo ni joto tu."

"Miaka thelathini nimekaa kiti cha pembeni. Usinambie joto."

Nikarudia kusikiliza. Kimya. Moyoni nasema bibi huyu ananichosha. Basi, ili nimridhishe, nikahamishia bisibisi sikio la kushoto.

Tik. Tik. Tik.

Wakuu, niliona aibu! Gereji ya jirani wananyoosha bodi, na nyundo zao ziko upande wangu wa kulia miaka yote hiyo. Sikio lile limekwisha na mimi sina habari.

Nikafungua. Nati ya tapeti ya silinda ya tatu sikuikaza sawasawa. Ingejifungua njiani, na kosa lingekuwa langu, siyo la injini. Nikakaza, nikamwomba mama radhi.

Ijumaa nikapanda nao, kiti cha nyuma, bisibisi mapajani. Haikuzima.

Tulipofika makaburini Mkwaja, mwanawe akashika ufunguo azime. Mama akamzuia mkono.

"Usizime. Mwache aisikie."

Akashuka, akasoma Fatiha pale kaburini, injini ikiunguruma polepole nyuma yake. Haikukohoa hata mara moja. Mwanawe alikuwa analia, na mimi pia, sifichi.

Habari ya injini ya kisasa haijatajwa tena.

Nilichojifunza: fundi anakagua spana zake kila siku, mwili wake hakagui. Siku hizi nasikiliza kwa kushoto, na kazi bado naiweza kuliko wengi.

Mafundi wenzangu mnaotumia sikio, mmelijaribu lini? Semeni hapa chini. Na wa kompyuta karibuni pia, mtuonyeshe mnachomeka wapi.