Analilia Jina

Bibi Magdalena wa Bigwa, juu kule kwenye matuta ya kabichi, amewapa majina watoto wa ukoo wake kwa zaidi ya miaka thelathini na hajakosea hata mara moja. Ndivyo asemavyo mwenyewe, na kwa ulimi ule wa pilipili, nani wa kumbishia? Kitoto kikisumbua, anaitwa. Anakipakata, anataja wafu wa upande wa mama mmoja mmoja, na jina ambalo kitoto kitalinyamazia ndilo lake.

Safari hii kitoto kilikuwa cha bintiye, Jesca. Kliniki walimwonya kuwa ana sukari, asithubutu kujifungulia nyumbani, kwani mtoto wa mama mwenye sukari huweza kunona huku mapafu hayajakomaa. Magdalena alicheka. Sukari gani ya mtu anayekula ugali na mchicha?

Uchungu ulikuja mwezi mzima kabla ya siku, alfajiri ya mvua, na mtoto akatangulia kabla bodaboda haijafika. Dume zito, mashavu tele. Majirani walipokezana wakimsifu. Unene ule, jamani, ndio uliowapofusha.

Maana mtoto alianza kuguna. Hakulia, aliguna tu, kila pumzi, mbavu zikibonyea na pua zikitanuka. Godfrey wa bodaboda alikuwa ameshafika, anangoja uani.

"Mama, nesi alisema akipumua kwa shida tumpeleke," alisema Jesca, hoi pale mkekani.

"Analilia jina huyu. Utampelekaje hospitali mtu asiye na jina?"

Akamtaja Tomasi. Mguno. Yohana. Mguno. Deogratias, na mguno ukazidi kuwa mfupi. Magdalena aliingiwa na hofu, kwani hakuna mtoto aliyewahi kumkatalia majina matatu. Lakini aliyezoea kusifiwa hajui kusema sijui. Kengele ya misheni ilipolia kwa misa ya saa moja, akamtaja Severin, kaka yake marehemu.

Mtoto akanyamaza. Magdalena akapiga kigelegele, majirani wakaitikia, na kwa muda walishangilia tu.

Ni Jesca aliyeiona midomo, imeiva zambarau. Alimnyakua mtoto, akatoka na kanga moja, akapanda pikipiki. Magdalena akapanda nyuma yake bila kuambiwa. Godfrey akaikimbiza pikipiki kwenye utelezi.

Hospitali walimwekea mtoto oksijeni. Nesi hakuinua macho kutoka kwenye kile kifua kidogo.

"Kule kuguna ndiko kulikomsaidia kuzuia hewa isiishe kifuani," alisema. "Akiacha akiwa katika hali hii, ujue amechoka. Aliacha saa ngapi?"

Jesca alisema hajui. Akamgeukia mama yake, nesi naye akangoja, kalamu mkononi.

"Saa moja kamili," alisema Magdalena. "Ndipo tulipopiga vigelegele."